Glasi za Kupelekwa Chafu

Glasi ilirudi imeviringishwa kitambaa cha mezani, ikibebwa kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Aliyeibeba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe za kampuni, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Huko nyuma ya ukumbi, kwenye majiko na mabeseni, mtu wa cheo chake hakuwa na kawaida ya kukanyaga. Mama Karamu, mwenye kazi ya kupika na kuandaa, alipomwona anakuja aliweka upawa chini, akajifuta jasho, akajivika tabasamu.

"Karibu, dada. Chakula kimetosha?"

"Chakula hakina neno." Mwenyekiti alifunua kitambaa. "Hebu niambie, hii ni nini?"

Kwenye ukingo wa glasi palikuwa na alama ya rangi ya mdomo, nyekundu, imekaa vizuri kiasi kwamba ungeweza kuhesabu mistari ya mdomo wenyewe. Mama Karamu aliikodolea macho kana kwamba hajawahi kuona glasi.

"Tunayemuaga leo ni mkurugenzi," mwenyekiti alisema. "Ameinua glasi kutakiana heri na watu wake, akakuta mdomo wa mwanamke umeshamtangulia. Meza kuu nzima imeona. Wa kwanza kuona ni mkewe."

Mhudumu mmoja aliguna kicheko, akakimeza. Wenzake wakaendelea kupanga trei, wamejifanya hamnazo, masikio yote huku.

"Nani anaosha vyombo vyenu?"

Hatua nne tu kutoka pale, juu ya kigoda, mbele ya mabeseni matatu, alikaa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mikono imezama kwenye povu hadi viwikoni. Wahudumu walimwita Bibi. Alikuwa mama yake Mama Karamu, mama mzazi, si wa kupanga wala wa heshima. Alikuwa ameinua uso, na mdomo wake ulishaanza kufunguka kuomba radhi.

Mama Karamu hakumtazama. "Ni kibarua tu huyo, dada," alisema. "Nimemchukua juzi juzi, wa siku zote alipata dharura. Unawajua tena hawa watu wa kuokoteza. Leo ndiyo mwisho wake."

Maneno yalimtoka laini, bila kukwama, na hilo ndilo lililomtisha baadaye, kwamba hayakukwama hata kidogo. Pale pale aliona tu kwamba uso wa mwenyekiti umelegea kidogo, akashukuru.

Bibi alifunga mdomo. Akashusha uso, akatoa glasi kwenye beseni la kwanza, akaitia la pili, akaitia la tatu, akaiinamisha juu ya waya ikauke.

"Mwezi ujao tuna mkutano wa siku tatu," mwenyekiti alisema. "Watu mia mbili, chai mara mbili na chakula cha mchana. Jina lako nilishalipeleka. Sasa nisikilize. Kama huna mashine ya kuoshea vyombo, usijisumbue kuleta bei. Na nitakuja kuiona kwa macho yangu, sitaki kuambiwa." Alimwekea glasi mkononi, akaondoka akijipangusa vidole.

Mhudumu aliyeguna alichukua ndoo ya maji ya moto, akaenda kummiminia Bibi taratibu, akamwambia, "Pole, Bibi," kwa sauti ambayo ilikusudiwa isikike.

*

Jioni ile, gari lilipopakiwa, Bibi hakukaa mbele katikati ya binti na mkwewe kama siku zote. Alipanda nyuma kwenye sufuria.

"Mama, njoo mbele huku," mkwewe aliita. Yeye ndiye dereva, mpanga viti na mbeba mitungi ya gesi. Wakati wa kashfa alikuwa anashusha viti upande wa pili, hajui hili wala lile.

"Nazishikilia glasi," Bibi alijibu. "Njia ina mashimo."

Kreti za glasi zilikuwa na kamba zake, hazikuhitaji kushikiliwa na mtu. Mama Karamu alitazama mbele njia nzima. Mumewe alimwuliza mara mbili kama kichwa kinamuuma, akasema ndiyo, akaegemea kioo.

Alipomweleza mumewe nyumbani alianza na mkutano wa siku tatu, akaja kwenye mashine, akagusia glasi. Kibarua alimruka. Lakini wahudumu wana simu, na mumewe naye ana simu, na kabla wali haujaiva alikuwa ameshajua kila kitu. Alimkuta mkewe anachambua mboga ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa.

"Nenda kamwombe radhi mama."

"Nitakwenda."

"Sasa hivi. Maneno kama haya yakilala yanaota mizizi."

"Nimesema nitakwenda! Kwani wewe ungesema nini? Ungesema ni mama mkwe wako, umemweka kwenye povu tangu alfajiri? Ungejisikiaje?"

Mumewe alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hilo lilikuwa tatizo lake kubwa. "Ningeona aibu," alikiri. "Lakini aibu ingekuwa yangu mimi, si yake yeye. Jikaze kisabuni, mke wangu. Nenda."

Alikwenda. Bibi alikuwa kitandani kwake, amenyoosha miguu, anajipaka mafuta kwenye vidole vilivyokunjamana kwa maji. Mama Karamu alikaa ukingoni mwa kitanda. Maneno aliyokuja nayo aliyatafuta, hakuyaona, akaokota mengine yaliyokuwa karibu.

"Mama, nataka kununua mashine ya kuosha vyombo. Upumzike."

"Nimekuambia nimechoka?"

"Hapana, lakini..."

"Basi usininunulie mapumziko. Nunua mashine kwa sababu ya kazi yako." Bibi alifunga kichupa cha mafuta. "Mboga umetia chumvi?"

Radhi ikaishia kwenye chumvi.

*

Duka lilikuwa moja tu mjini lililouza mashine za mahoteli, na muuzaji wake alikuwa na maneno matamu kwenye simu. Alieleza kwamba mashine za kuoshea ziko za aina mbili, kubwa ya sahani na sufuria, ndogo ya glasi. Kwamba kuchagua kwa kutazama picha ni kujipunja. "Njoo na vyombo vyako, dada. Vyombo vichafu kabisa, vilivyotoka kwenye shughuli, usivisuuze hata kwa maji. Tutavitia mashineni mbele ya macho yako. Ukiona havijatakata, nenda zako."

Mama Karamu alipenda. Jumamosi walikuwa na sherehe ya mtoto kutimiza mwaka, na glasi sitini zikarudi na kila aina ya uchafu, juisi iliyoganda, keki, rangi za midomo ya akina mama wa mtaa mzima. Alizipanga kwenye kreti mbili, akazifunika, akaziweka stoo.

"Hizi usiziguse, mama. Ni za kupeleka dukani Jumatatu."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi."

Bibi alizitazama kreti zile kwa muda mrefu, kisha akaenda kulisha kuku.

Jumatatu asubuhi Mama Karamu alifunua kreti stoo, akapigwa na mwanga. Glasi sitini zilikuwa zimekaa mdomo chini, kavu, safi, hazina hata alama ya kidole. Alimkuta mama yake uani, ameshavaa gauni la kutokea na viatu vya kufunika.

"Mama! Nilisema usiziguse!"

"Ulisema. Nimezigusa." Bibi hakupandisha sauti. "Ulitaka tukatembeze uchafu wetu mjini? Tukaufunue mbele ya mwanamume na tai yake? Watu wameshatusema mara moja, inatosha."

"Wenyewe ndio wanaozitaka chafu! Ili waone mashine inavyosafisha!"

"Kama kweli inasafisha, na isafishe zilizo safi, tuone."

Hapo mtu angecheka, na siku nyingine wangecheka wote wawili, maana mama na binti hawa walikuwa wepesi wa kucheka. Lakini Mama Karamu alikuwa amesikia ile "wameshatusema." Mama yake alijihesabu ndani. Alikuwa ametolewa nje mbele ya wahudumu wote, na bado alikuwa anasema "sisi."

"Na wewe umevaa unakwenda wapi?"

"Dukani. Mumeo amekwenda kuchukua mahema, nani atakubebea kreti? Wewe utazivunja."

*

Mlangoni pa duka palikuwa na mlinzi. Alimfungulia Mama Karamu, mwenye mkoba na viatu vya kisigino, akainamisha kichwa. Kisha akanyoosha mkono mbele ya Bibi aliyekuwa na kreti kifuani.

"Mizigo mlango wa nyuma, mama. Zungukia pale kwenye pipa."

Mama Karamu alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani, kwenye vigae na hewa baridi. Aligeuka. Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja, hata nusu ya neno. Mlinzi alikuwa mtu mdogo tu, mwenye kofia iliyomzidi kichwa, si mwenyekiti wa kamati wala nani. Na bado ulimi ulimganda, kwa sababu kumsahihisha kungehitaji maelezo, na maelezo yangeanzia mbali.

"Nazungukia," Bibi alisema, akaenda.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye tai kweli, na mikono iliyosema zaidi ya mdomo. Alimtembeza Mama Karamu kwenye mashine zilizong'aa, kubwa ina mfuniko wa kuinua na ndogo inakaa chini ya meza kama friji fupi. Kreti zilipoingia kwa nyuma alifunua ya kwanza kwa mbwembwe, akakwama.

"Dada, tulisema chafu."

"Kulikuwa na... kulikuwa na makosa kidogo."

Msichana wa kwenye kaunta ya malipo aliinua kichwa, akachungulia ndani ya kreti, akacheka. "Wamekuja kutuonyesha zao!" Mama Karamu akasikia joto limempanda shingoni hadi masikioni.

Muuzaji hakuwa mtu wa kushindwa. Aliazima rangi ya mdomo kwa msichana, akachafua glasi sita kwa mkono wake mwenyewe, akazitia kwenye mashine ndogo, akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma. Dakika mbili baadaye alifungua mlango, mvuke ukamvaa tai, na glasi zikatoka moto, rangi yote imekwisha.

"Umeona?"

Waliona. Kisha glasi zikapoa, na kadiri zilivyopoa ndivyo vidoa vyeupe vilivyojitokeza, vidogo vidogo, kama unga uliopulizwa.

"Hiyo ni chokaa ya maji," muuzaji alisema haraka. "Maji yetu ni magumu. Kuna kifaa cha kuyalainisha, kinauzwa peke yake." Ili kubadili mazungumzo aliinua glasi nyingine kutoka kwenye kreti, ambayo haikuingia mashineni, akaielekeza kwenye taa. Akaigeuza. Akaisogeza karibu na jicho. Sauti yake ilipotoka tena haikuwa ya biashara. "Hii kaiosha nani?"

Mama Karamu alifungua mdomo. Nataka kusema alikuwa anataka kusema kweli, na labda ndivyo. Lakini alichelewa kwa pumzi moja, na Bibi alikuwa na haraka ya kumwokoa.

"Mimi, mwanangu," Bibi alisema kutoka nyuma ya kreti. "Mimi ni kibarua wake."

Alilisema kwa upole, bila kijembe. Alilisema kama mtu anayemshikia mwenzake mlango apite. Na Mama Karamu akapita. Aliangalia bei iliyobandikwa kwenye mashine kana kwamba inasomeka vibaya.

"Unazifanyaje zikatakata hivi?" muuzaji aliuliza.

"Glasi haikai maji mamoja na sahani. Mafuta ya sahani yanaipa ukungu. Beseni la kwanza la moto na sabuni, la pili la moto tupu, la tatu la baridi na tone la siki. Na haifutwi kwa kitambaa. Inainamishwa ikauke yenyewe."

"Unasikia, dada? Ndivyo tulivyofundishwa kwenye semina! Glasi mbali, sahani mbali. Sasa siku mkizidiwa na kazi?"

Bibi aliifunika kreti. "Siku nikiambiwa nichanganye, nachanganya."

Siku ya mkurugenzi, vyombo vilipopungua na meza kuu inasubiri, ni Mama Karamu aliyepiga kelele kutoka kwenye jiko, "Tia vyote humo humo, mama, utatuchelewesha!" Alikuwa amesahau. Tangu siku ile alikuwa amekumbuka kila neno la mwenyekiti na kila jicho la wahudumu, ila hilo moja lilikuwa limempotea, na sasa lilirudi zima zima, na sauti yake mwenyewe ndani yake.

Bibi aliinama akachungulia mashine ndogo. "Glasi ndefu zinaingia humu? Zile za mguu?"

"Zinaingia, mama, nafasi ipo," muuzaji alimjibu, lakini macho yalikuwa kwa mwenye mkoba. Alikuwa ameamua kumwuzia ile kubwa. Alivuta kikokotoo mfukoni. "Dada, wateja wengi hawajui kuchagua. Wanatazama bei. Usitazame bei, tazama unachookoa. Hii kubwa inaosha sahani, na glasi ukizipitisha peke yake, haiumwi, haifiwi, haiombi ruhusa. Mtu ni mzuri, sikatai, na huyu ana mkono wa pekee. Lakini mtu ni gharama. Tupige hesabu, uone itajilipa baada ya miezi mingapi." Kidole kilikuwa tayari juu ya vitufe. "Huyu unamlipa kiasi gani kwa siku?"

Mama Karamu alisikia friji zikinguruma ukutani.

"Hata kwa kukadiria," muuzaji alimhimiza.

Ingekuwa rahisi kutaja namba. Wahudumu alikuwa anawalipa, kiwango chao alikijua, angetaja hicho hicho na mambo yangekwisha. Aliinua macho, akamkuta Bibi anamtazama. Hakuwa amekasirika. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo, upande wa sikio zima, kama anavyofanya akitaka kusikia taarifa ya habari. Yeye naye alitaka kujua.

"Simlipi," Mama Karamu alisema.

"Hujamlipa bado?"

"Simlipi kabisa."

Kidole cha muuzaji kilibaki hewani. Alimtazama Bibi, viatu vyake vya kufunika, vidole vilivyokunjamana, kisha akamtazama mwenye mkoba, na heshima yote ya asubuhi ilikuwa imemtoka usoni. Msichana wa kaunta aliacha kuhesabu risiti.

"Anakufanyia kazi bure? Mtu mzima kama huyu? Kwa nini?"

"Ni mama yangu."

Ndivyo lilivyotoka. Wiki mbili neno hilo lilikuwa limemkaba, alilitafutia mahali pazuri pa kulisema, pa kumpa mama yake sifa mbele za watu. Na sasa limetoka kama kisingizio cha mtu aliyekamatwa. Alisimama pale, mkoba begani, akaona jinsi muuzaji anavyowalinganisha, paji la uso kwa paji la uso, mwanya kwa mwanya, na kila alichokiona kilikuwa kweli.

"Aa," muuzaji alisema. Alirudi kwenye kikokotoo kwa kuwa ndiko alikokuwa na usalama. "Basi kwa hesabu hiyo, mashine haijilipi. Wala kubwa, wala ndogo. Mtu wa bure huwezi kumshinda kwa bei." Kisha akajisikia alichosema, akakiweka kikokotoo chini.

"Andika ndogo," Mama Karamu alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. "Na kifaa cha kulainisha maji. Hiyo ndiyo aliyoichagua."

Muuzaji aliandika. Aliandika polepole, herufi kubwa, apate mahali pa kutazama. Alipomaliza alimgeukia Bibi, akaweka mikono yote miwili mbele yake kama mtoto wa shule.

"Unisamehe, mama. Nimekusema kama mzigo. Sikujua kama ni mzazi wake."

"Usijali, mwanangu," Bibi alisema. "Hata mwenyewe alikuwa amesahau."

Muuzaji aliangua kicheko cha mtu aliyesamehewa. Msichana wa kaunta akacheka. Bibi naye akatabasamu, maana aliona utani wake umepokelewa. Mama Karamu akacheka pamoja nao, kwa sauti kuliko wote, kwa sababu kulia mbele ya watu aliona aibu.